Karatasi ya manila

Kama umesoma shule ya msingi Tanzania basi manila unaijua. Ile karatasi kubwa ngumu, ya njano au ya pinki, mwalimu anakutuma dukani, unarudi umeikunja kama bomba umeibana kwapani na ole wako ipate mkunjo. Kwenye manila ndo tulichora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, tukachora ramani ya Afrika na sehemu za ua, zikabandikwa ukutani mpaka jua likazifuta. Mimi nimepita thelathini ndo nikajua kwamba ile manila yetu na Manila mji mkuu wa Ufilipino ni neno moja.

Kisa chenyewe ni hivi. Kule Ufilipino kuna mmea unaitwa abaca, ukiuona utasema mgomba kwa sababu kweli ni ndugu wa mgomba, ila ndizi zake hazina maana, watu wanataka nyuzi za shina. Zile nyuzi zilitengeneza kamba za meli dunia nzima zikaitwa kamba za Manila, na kamba zikishachakaa zinasagwa zinakuwa karatasi ngumu isiyochanika ovyo. Manila ya dukani siku hizi ni ya mbao tu kama karatasi nyingine, jina ndo limebaki. Mi mtoto wa Tanga, babu yangu alikata mkonge, na mkonge wetu na abaca yao walikuwa wapinzani kwenye soko la kamba toka enzi hizo. Kwahiyo siku niliposhika karatasi ya abaca yenyewe kwa mikono yangu, nyuzi unaziona kabisa zimelala ndani kama nywele, nilipatwa na hisia ambayo sijui niiteje. Nilinunua. Ndo chapa yangu ya kwanza, yaani picha ya kuchapwa kwa wino, na hadithi yake nitaimaliza huko chini maana iliishia pabaya kidogo.

Ngoja nianze na Ate.

Nimekaa Dubai miaka saba, hotelini, kitengo cha hesabu. Chumba nilichopanga nilikuwa Mswahili peke yangu, wengine wote Wafilipino, na mkubwa wetu alikuwa mama mmoja wa mkoa wa Quezon ambaye wote tulimwita Ate, maana yake dada mkubwa, jina lake halisi nilikuja kulijua baada ya miezi mingi nilipomsaidia kujaza fomu. Ate ndo alikuwa kijumbe. Ndio, upatu! Wao wanauita paluwagan na ni uleule wa kwetu bila tofauti hata moja, watu kumi, kila mmoja anatoa kiasi chake kila mwezi, mmoja anabeba mzigo wote, na yupo yule mmoja ambaye akishapokea anaanza kukwepa simu. Tofauti ilikuwa kwenye matumizi. Zamu ikifika, mmoja ananunua dhahabu, mwingine anatuma bati za kuezekea nyumba ya wazazi, mwingine anajaza lile boksi kubwa la zawadi linalopelekwa nyumbani kwa meli. Zamu ya Ate ilipofika akanunua picha.

Nilidhani anatania. Mwanamke analala kitanda cha juu, anahesabu senti za mchele, ananunua picha ya rangi ya mafuta ambayo hata haioni, iko kwa dada yake huko kwao imefungwa na shuka. Nikamuuliza Ate kwa nini. Akanionyesha kwenye simu, picha ndogo tu, basi la jeepney limesimama kwenye mvua, taa zake nyekundu zimemwagika barabarani. Akasema kijana aliyeichora alisoma na mdogo wake, na kwamba alilipa nusu, nusu ya pili atalipa kidogo kidogo. Alafu akarudi kukaanga samaki. Ndo maelezo yote niliyopewa!

Kwangu mimi picha ilikuwa Tingatinga, twiga na tembo, ya kumuuzia mzungu. Sisemi kwa dharau, nasema ndo nilivyolelewa, sikuwahi kuingia nyumba ya mtu wa kawaida Tanga nikakuta picha ya kuchorwa imetundikwa kwa sababu tu mwenye nyumba kaipenda. Tunatundika picha ya harusi, kalenda, na Maka.

Mwishoni mwa 2021 Ate akatuburuta Ijumaa moja kwenda Jameel Arts Centre, pale Jaddaf pembeni ya maji, kiingilio bure. Kulikuwa na maonyesho ya Pacita Abad. Jina la maonyesho kwa Kiswahili ni kama kusema "nilidhani mitaa imesakafiwa dhahabu", na nikuambie, mtu anayeishi bedispesi ya Deira, yaani kapanga kitanda tu kwenye chumba cha watu wengi, akisoma maneno hayo mlangoni anasimama kwanza.

Pacita alizaliwa 1946 Batanes, visiwa vya kaskazini kabisa ya Ufilipino, wazazi wanasiasa. Mwaka 1970 akiwa mwanafunzi akashiriki maandamano dhidi ya Rais Marcos, nyumba yao ikamiminiwa risasi, wazazi wakamwambia ondoka. Alikuwa aende Hispania kusoma sheria, akapitia San Francisco, na hiyo sheria ikaishia hapohapo. Baadae akaolewa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhamahama, wakaishi Bangladesh, Sudan, Indonesia, Singapore, na kila alipopita akaokota kitu. Kazi zake haziko kwenye fremu. Anapaka rangi kanvasi, anaweka kitambaa nyuma, katikati anajaza pamba, anashona kwa mkono kama mfarishi, alafu juu yake anaanza kushindilia simbi, vifungo, shanga, vioo vidogo vidogo. Zinaning'inia toka juu, kubwa kuliko mlango. Na kwa vile ni nguo, unaikunja unahama nayo. Mtu wa kuhamahama amebuni picha inayoingia kwenye sanduku, hilo peke yake lilinifurahisha kuliko rangi zote.

Kuna moja imejaa sura za wahamiaji na kazi zao, wasafishaji, walezi, wapishi. Nilisimama pale na Ate na wenzetu wawili, hakuna aliyeongea. Alafu mmoja wetu, aliyekuwa mfanyakazi wa usafi kwenye duka kubwa, akacheka akasema yule kavaa yunifomu kama yangu.

Pacita alifariki 2004. Wakati yuko hai wenye soko hawakumjali sana, mwanamke, mashono, rangi kali kupita kiasi, walimwona kama mtu wa kazi za mikono. Maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yamekuja 2023 kwenye Walker Art Center huko Marekani, miaka 19 baadae. Nimeandika hilo kwa hasira kidogo, mnisamehe.

Basi nikanogewa. Nikaanza kufuata gelari za Manila mtandaoni usiku kucha, na Februari 2023 nilipopata likizo badala ya kwenda Tanga nikaenda Manila na Ate. Mama alininunia wiki mbili.

Februari kule ndo msimu wa Art Fair Philippines, fea ya sanaa ambapo gelari nyingi zinakutana kuuza kazi, imeanza 2013, na mwaka huo ilikuwa ndani ya The Link, jengo la maegesho ya magari pale Makati. Sitanii, maegesho. Waliondoa magari ghorofa za juu, wakajenga kuta za muda, wakaleta viyoyozi, ukawa unatazama kanvasi ya mamilioni huku chini ya viatu vyako kuna mshale mweupe wa kuonyesha magari pa kutokea. Nimezipenda fea za aina hii kuliko majumba ya marumaru kwa sababu haziwatishi watu, niliona familia nzima na bibi kwenye kiti cha magurudumu, wanafunzi wamevaa ndala.

Ila sasa bei ndo kisanga. Nilijua kidogo kuhusu Ronald Ventura, maana ukitafuta sanaa ya Kifilipino kwenye intaneti huyo ndo anakuja wa kwanza. Aprili 2011 picha yake inaitwa Grayground iliuzwa mnadani Hong Kong kwa dola milioni 8.42 za Hong Kong, kama milioni moja na laki moja za Kimarekani, rekodi ya picha ya kisasa ya Asia ya Kusini Mashariki kwa wakati huo. Mtu amezaliwa 1973! Baada ya hapo, alivyonisimulia Ate, kila kijana akataka kuchora mafuvu na farasi na vikaragosi vimerundikana kwa umahiri wa kamera, na kila mwenye hela akataka kununua kijana. Nilivyofika pale na akiba yangu ya upatu nikawa nadhani nitaokota Ventura mdogo, niuze baada ya miaka mitano nijenge Tanga. Nacheka nikiandika.

Nikaona kanvasi moja nzuri iliyochorwa na msichana wa umri kama wangu, nikauliza bei, dada wa gelari akatabasamu akasema imeshachukuliwa. Na ile? Imeshachukuliwa. Hiyo siku fea ilikuwa imefunguliwa tangu asubuhi tu! Ate akanivuta pembeni akanipa somo ambalo hakuna mtu anakuandikia mlangoni. Zile picha ziliuzwa kwenye meseji wiki mbili nyuma. Gelari ina orodha ya watu wake, msanii akimaliza kazi wanatumiwa picha kwanza, na wewe mgeni hata uwe na hela mkononi wanakutazama, huyu ni nani, akinunua ataipeleka wapi. Wanachoogopa ni mtu anayenunua leo kwa msanii mchanga alafu baada ya miezi sita anaipeleka mnadani, kwa sababu bei ikiruka ghafla kisha ikaanguka, anayeumia ni yule msanii, kesho hakuna anayemgusa. Ukifanya mchezo huo mara moja jina lako linafutwa.

Wana neno lao, suki. Mama muuza samaki anayekujua, anayekuwekea wa nono chini ya barafu, na wewe huendi meza nyingine hata kama kuna wa bei rahisi, huyo ni suki wako na wewe ni suki wake, linatumika pande zote mbili. Kwetu tunasema mteja wangu, na muuzaji naye anakuita mteja wangu, sawasawa. Basi na kwenye picha ni hivohivo. Unaenda kwenye ufunguzi hata kama hununui, unakula vile vitafunio, unasalimia, unarudi. Unauliza kuhusu kazi kabla ya bei. Ate alikuwa suki wa gelari moja ndogo na walimpokea kama mke wa waziri, huyu anayelala kitanda cha juu Deira, kwa sababu kwa miaka sita hajawahi kuchelewesha malipo ya mwezi.

Maana kule kulipa kwa awamu ni kawaida kabisa. Miezi mitatu, sita, mwingine mwaka, hakuna riba, picha unaichukua ukimaliza. Na bei ya vijana wengi inapigwa kwa inchi ya mraba kama unanunua kitambaa, msanii ana bei yake kwa inchi, unazidisha urefu kwa upana, basi. Hapo mhasibu ndani yangu akatulia kidogo. Ila kichwani nikawa najiuliza, kwahiyo mkono wa kushoto wa mtu huyuhuyu ukiwa mkubwa unalipwa zaidi ya uso wake ukiwa mdogo? Inaonekana ndio.

Kitu kingine kilichonishangaza ni sheria. Tangu 1997 Ufilipino wana sheria ya hakimiliki ambayo inasema picha au sanamu ikiuzwa tena, msanii ana haki ya asilimia 5 ya hiyo bei, na ikiwa kafa warithi wake wanaendelea miaka 50. Soma tena hapo. Fikiria wale wazee wetu waliouza kazi kwa hela ya unga, leo zinapigwa mnada Ulaya. Kwamba inafuatwa kila mara au la hilo ni jambo lingine, kila niliyemuuliza alicheka kwanza ndo akajibu. Na chapa hazimo, sheria imeziacha nje, zile zinazochapwa nakala nyingi.

Siku ya tatu tukapanda mlima kwenda Antipolo, Pinto Art Museum, majengo meupe ndani ya bustani, mwanzilishi wake ni daktari wa mishipa ya fahamu, Joven Cuanang. Miaka ya themanini aliwapa nafasi vijana fulani waliokuwa hawana pa kuchorea wala pa kuonyesha, wakajiita Salingpusa. Hilo jina ndo limenikaa. Salingpusa ni yule mtoto mdogo kwenye mchezo, kaka zake wanamruhusu acheze ili asilie, ila akifungwa hahesabiwi, akifunga pia hahesabiwi. Elmer Borlongan ametoka mule, Mark Justiniani ametoka mule, huyu Justiniani mwaka 2019 ndo aliyebeba banda la Ufilipino kule Venice, Italia, kwenye maonyesho ya sanaa ya mataifa, na kumbuka Ufilipino ilienda Venice 1964 alafu ikapotea mpaka 2015, miaka 51. Pale Pinto kuna ukuta wao mmoja mkubwa mno unaitwa Karnabal, wameuchora wengi kwa pamoja, na nilikaa chini kwenye sakafu nikautazama mpaka miguu ikafa ganzi. Huwezi kununua kitu kama kile. Nilipata nafuu, kama mtu aliyekaa na njaa sokoni alafu akaambiwa hivi ni vya kutazama tu.

Na chapa yangu niliipata kesho yake, kwa vijana wachapaji. Wafilipino wana utamaduni mkubwa wa kuchapa, baba yao anahesabiwa Manuel Rodriguez Sr., na chama chao kipo tangu 1968. Unachukua raba au mbao, unachonga kinyume, unapaka wino, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Kijiko kabisa! Kijana alikuwa ametundika kazi kwenye kamba kwa vibanio kama nguo. Nikaona mwanamke ameinama, kaikalia kitu, mkono umeshika kifuu.

Nikasema kwa sauti, mbuzi!

Ate akageuka. Nikamwambia hii ni mbuzi, ya kukunia nazi, kwetu inaitwa mbuzi. Ate akacheka mpaka akashika meza, akasema kwao wanaiita kabayo, farasi. Tukabishana pale nani ana haki, mimi nasema ina meno kama mbuzi, yeye anasema unaipanda kama farasi, yule kijana msanii anatutazama tu. Karatasi ilikuwa ya abaca imetengenezwa kwa mkono, kingo zake hazijakatwa, zimechakaachakaa kama pindo la kanga kuukuu. Chini kwa penseli, 9/25, yaani nakala ya tisa kati ya ishirini na tano, na saini. Peso elfu 6 na mia tano, kama laki mbili na sabini na kitu za kwetu wakati ule, nikalipa kwa mafungu matatu na Ate akanidhamini.

Sasa pabaya. Niliporudi moja kwa moja Tanga mwaka uliofuata nikaiweka sebuleni kwa mama. Manila na Tanga hewa ni moja, joto na unyevu wa bahari, na kule nilikuwa nimeshaambiwa yote: karatasi isigusane na kioo, acha nafasi, weka kadi isiyo na asidi, vile vipakiti vya kunyonya maji nyuma, usitundike ukuta wa nje unaonyeshewa mvua. Nikazingatia nusu. Ukuta ulikuwa wa nje, ndo ulikuwa na msumari. Masika ikapiga, nikiwa Dar kwenye usaili wa kazi, mama akaona madoa ya ukungu kama vumbi la chai kwenye kona, akafanya alichofanya mama yoyote mwenye upendo, akaipeleka kwa fundi fremu.

Fundi alifanya kazi safi. Fremu ya mninga, kioo kipya, na ili iingie vizuri akanyoosha zile kingo kwa rula na wembe. Pande zote nne. Upande wa chini ndo aliutoa kipande kikubwa zaidi, akamwambia mama kulikuwa na maandishi ya penseli yanachafua.

Niliporudi nikakaa kwenye kochi. Mama ananiangalia kwa furaha, haya, unaionaje? Nikasema imependeza mama. Nikaenda nje nikampigia Ate, ilikuwa usiku kwake, nikamwambia tisa juu ya ishirini na tano imekatwa na wembe, kile kipande kimeenda jalalani. Kimya. Alafu nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha meza, akasema sasa hiyo huiuzi tena maisha yako yote. Na kweli. Chapa isiyo na namba wala saini mbele ya mnunuzi ni kalenda. Kesho yake akanitumia ujumbe wa sauti wa yule kijana msanii, alishamtafuta, anasema siku nikipita Manila niilete ataisaini nyuma, na anaomba picha ya hiyo mbao ya fremu maana hajawahi kuona rangi ile.

Nimeihamishia ukuta wa ndani. Madoa mawili yamebaki, nimeambiwa nisiyasugue. Upatu wetu bado upo, tunachanga kwa simu siku hizi, zamu yangu Novemba, na nimeshaambiwa kuna msichana Baguio anachapa kwenye nguo.

Wageni wakija mama ndo anaieleza. Anawaambia huyu ni Mfilipino, nao wana mbuzi, ila mwangalieni alivyoikalia, kama yuko kwenye bodaboda, na sinia kaliweka mbali hivo nazi yote inaenda chini. Juzi jirani yetu alibisha, akasema sinia lipo sawa, ni kivuli tu. Wakasogeza viti.